Koti la Marx na mtumba wa Eldoret

Julai ya Eldoret si ya mtu wa Mombasa. Mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ukitoka nje pumzi yako huonekana kama moshi wa jiko la makaa. Mwaka nilipohamia huku kufundisha, nilikuja na mashati ya mikono mifupi na vikoi viwili. Wiki ya pili nikajikuta nimeinama juu ya lundo la mitumba kando ya barabara, natafuta koti. Nilipata jaketi la jinzi, zito, rangi yake bado imekaa. Tukavutana bei na muuzaji tukaishia shilingi 350.

Nyumbani nililigeuza ndani kutazama kibandiko. Juu kulikuwa na jina la duka la Marekani. Chini yake, kwa herufi ndogo, kulikuwa na maneno ya Kiingereza kwamba vazi hili limetengenezwa Kenya. Kesho yake nilimrudia yule muuzaji kumwonyesha. Alicheka sana. "Basi limerudi kwao, mwalimu," akasema.

Naliandikia jaketi hilo makala kwa sababu kila niendapo likizo kwetu vijana huniuliza swali moja. Tangu maandamano ya Juni 2024 neno "ubepari" limetoka vitabuni likaingia barazani, na kila mtu analitumia, wengine kama tusi tu. Hawa wasoshalisti, huuliza, wanasema nini hasa? Wana nini cha kutuambia sisi watu wa mwambao, tunaoishi kwa biashara tangu enzi za majahazi? Mimi si mwanachama wa chama chochote, na nitaeleza baadaye kwa nini neno lenyewe kwetu lina uchungu. Lakini swali ni la haki, na jibu lake naliona vizuri zaidi nikilishika lile jaketi mkononi.

Na si mimi wa kwanza kushika koti. Karl Marx alipotoa juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa juu ya mtaji mwaka 1867, mfano aliouanza nao ulikuwa wa nguo: yadi 20 za kitani kwa koti moja. Aliijua thamani ya koti kwa njia chungu pia. Mwaka 1852 alimwandikia rafiki yake Engels kwamba hawezi kutoka nje ya nyumba yake London kwa sababu makoti yake yako rehani. Mtu asiye na koti katika mji ule hakuweza hata kwenda maktaba. Nilipoyasoma hayo nikiwa na baridi yangu ya Julai, nilimwelewa.

Hoja yake, ikiondolewa maneno magumu, ni hii. Sokoni tunaona vitu vikiwa na bei, jaketi 350, suruali 200, kana kwamba bei ni sehemu ya kitu kama rangi yake ilivyo. Kumbe bei inaficha watu: aliyelima pamba, aliyesokota uzi, aliyefuma kitambaa, aliyeshona, aliyepakia. Uhusiano baina ya watu umevaa sura ya uhusiano baina ya vitu. Ndiyo maana mtu mpole, mcha Mungu, anaweza kuvaa nguo iliyomtoa mwenzake jasho la saa kumi na nne bila kuhisi lolote.

Hoja ya pili ni ya hesabu. Tuseme mshonaji analipwa shilingi 700 kwa siku. Hiyo ni hesabu yangu ya mfano, si ya kiwanda chochote. Anaingia saa moja asubuhi. Ikifika saa tano ameshashona vya kutosha kurudisha zile 700. Je, anakwenda nyumbani? Hapana, anatoka saa kumi na moja jioni. Anachozalisha kati ya saa tano na saa kumi na moja ndicho wanachokiita thamani ya ziada, na msoshalisti hauulizi ukali au upole wa mwajiri. Anauliza nani anaamua ile ziada iende wapi. Mwajiri mwema huamua yeye, mwajiri mbaya huamua yeye. Mshonaji haulizwi.

Sasa njoo nami Eldoret, maana mji huu uliwahi kuwa mji wa nguo.

Wengi wa kwetu wanaujua Eldoret kwa wakimbiaji, kwa mahindi, na kwa Chuo Kikuu cha Moi. Lakini mtu mzima wa hapa atakutajia Rift Valley Textiles, yaani Rivatex, iliyoanzishwa miaka ya 1970, na Raymond waliofuma vitambaa vya sufu, na Ken-Knit wa sweta na blanketi. Rivatex ilichukua pamba mbichi mlango huu ikatoa kitambaa kilichotiwa rangi mlango ule: kusokota, kufuma, kupaka rangi, kuchapa, vyote chini ya paa moja. Katikati ya miaka ya 1980 nchi hii ilivuna pamba kiasi cha robota 70,000 kwa mwaka, na sehemu yake ilitoka kwetu: Lamu, Kilifi, na kwenye miradi ya umwagiliaji ya Hola na Bura kando ya Mto Tana. Mkulima wa Pwani na mfumaji wa bara walikuwa wamefungwa kwa uzi mmoja, pengine bila kujuana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali, ikisukumwa na Benki ya Dunia na IMF waliokuwa wakishikilia mikopo, ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa. Mitumba iliyokuwa ikija kwa kificho au kwa misaada ikaanza kushuka Kilindini kwa makontena. Haikuwa sababu pekee. Bodi za pamba zilikuwa zimeoza, wakulima walicheleweshewa malipo mpaka wakang'oa pamba wakapanda mahindi, umeme ulikuwa ghali, mitambo ilikuwa ya kizamani, na wizi wa mali ya umma ulikuwepo pia. Nayataja kwa sababu baadhi ya wasoshalisti hupenda kuibebesha Washington lawama yote. Hata hivyo matokeo yalikuwa yale yale: mwishoni mwa miaka ya 1990 Rivatex ilisimama, na viwanda vya nguo nchini, kimoja baada ya kingine, vikafunga au vikabaki mifupa.

Jirani yangu katika ploti ninayopanga ni mama wa miaka sitini na kitu. Mimi humwita mama, yeye huniita mwalimu. Alifanya kazi kwenye mitambo ya kufuma miaka kumi na moja, kiwanda gani hapa hakina haja ya kutajwa. Siku kazi ilipokwisha, anasema, hawakuitwa mkutanoni wala hawakuelezwa chochote. Walifika zamu ya asubuhi wakakuta lango limefungwa kwa mnyororo na askari mgeni wasiyemjua. Wengine walisimama pale mpaka adhuhuri wakidhani ufunguo umepotea.

Unajua alikwenda kufanya kazi gani? Mitumba. Alikopa kwenye chama cha kina mama, akanunua robota moja la nguo za watoto, akatandika turubai chini. Watoto wake watatu wamesoma kwa turubai hilo. Kwa hiyo ukimwambia ubepari ulimnyang'anya kazi kwa nguo kuukuu za Wazungu, atakubali, kisha atakuomba usisimame mbele ya biashara yake. Robota likifunguliwa wateja wa mapema huwahi "kamera", zile nguo bora kabisa, na yeye anazijua kwa kugusa tu. Hapo ndipo kitendawili kilipo, na sijaona msoshalisti wala bepari aliyekitegua vizuri: kilichoua mshahara wake ndicho kilichookoa jikoni kwake.

Serikali zetu zilijaribu kukitegua. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba sokoni ifikapo 2019 ili viwanda vipumue. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na serikali yao ikakumbusha habari ya AGOA, ile sheria ya mwaka 2000 iliyoziruhusu nguo zetu kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Tazama sasa jaketi langu. Limeshonwa Kenya, katika eneo la viwanda vya kuuza nje, liuzwe Marekani. Kitambaa chake huenda kilitoka Asia, maana AGOA iliruhusu kushona kwa kitambaa cha nchi nyingine. Marekani likavaliwa, likachokwa, likatupwa kwenye sanduku la sadaka, likauzwa kwa kilo, likapita Kilindini, likapanda lori kuja Eldoret. Safari yote hiyo, na mkulima wa pamba wa Hola hayumo hata hatua moja.

Mtu wa Pwani hapaswi kushangaa. Sisi tumeishi ndani ya hadithi hii kabla haijawa na jina. Bibi zetu walilijua neno "merikani" kabla ya kuijua Marekani: ndiyo ile shuka nyeupe ngumu iliyoletwa Unguja na merikebu za Salem, Massachusetts, karne ya 19. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikafumwa viwandani kaskazini na wasichana waliolipwa kidogo, ikafika kwetu ikabadilishwa kwa pembe za ndovu. Na huku kwetu ikavaliwa na watumwa pia, wale wa mashamba ya Malindi na ya Unguja. Mtumwa wa ng'ambo moja amemvisha mtumwa wa ng'ambo ya pili, na baina yao wako matajiri wa bandari tatu. Marx angeuliza mfano bora kuliko huo wapi?

Tunaposema utamaduni, basi, tusiseme kana kwamba umeshuka kutoka hewani. Leso tunayojivunia, kwa sehemu kubwa, ilikua kutokana na watu kutaka kuvua utumwa. Mjakazi alivaa kaniki nyeusi au merikani. Utumwa ulipofutwa, Unguja mwaka 1897 na mwambao wa Kenya mwaka 1907, wanawake waliotoka katika utumwa waliitupa kaniki wakajifunga nguo za rangi na maua, kusudi mtu asiweze kusema kwa macho huyu alikuwa wa nani. Leso ilikuwa haki ya binadamu iliyovaliwa kabla ya kuandikwa popote. Leo ukipita Biashara Street pale Mombasa, leso nyingi utakazozikuta zimechapwa India. Maneno ni yetu, mashine si zetu. Sisemi hivyo kwa kumlaumu muuza leso.

Nimelitaja neno haki, na hapa ndipo wasoshalisti na wenzao wanapogombana zaidi. Desemba 1966 Umoja wa Mataifa ulipitisha mikataba miwili kwa siku moja: mmoja wa haki za kiraia na kisiasa, yaani kusema, kupiga kura, kutokamatwa ovyo, mwingine wa haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni, yaani kazi, chakula, makao, afya, elimu. Marekani ilitia sahihi ule wa pili mwaka 1977 na mpaka leo haijauridhia. Nchi za kisoshalisti ziliusifu huo wa pili, na nyingi zikawafunga watu wao waliojaribu kuutumia ule wa kwanza. Kenya ilijiunga na yote miwili mwaka 1972, na katiba yetu ya 2010 imeichukua: Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, makao, chakula, maji safi, hifadhi ya jamii na elimu, na Kifungu cha 41 kinampa mfanyakazi haki ya ujira unaofaa na ya kugoma.

Nilimsomea jirani yangu Kifungu cha 43 jioni moja. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Sasa hii mtu hupeleka ofisi gani?"

Swali lake ndilo swali la msoshalisti. Kifungu cha 21 kinasema haki hizo za 43 zitatimizwa hatua kwa hatua, na kila mwanasheria anajua hatua hizo zinavyoweza kuwa fupi. Haki ya kusema unaweza kuitumia bila kumiliki kitu. Lakini haki ya kula inategemea kazi, kazi inategemea kiwanda, na mlango wa kiwanda una ufunguo ulio mfukoni mwa mtu fulani. Katiba haijauliza ni mfuko wa nani.

Waliowahi kuuliza wanatuhusu. Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ilisimama: makuli wa bandari, watu wa reli, wafagiaji, wapishi wa majumbani, wafanyakazi kiasi cha 15,000. Kila siku walikutana uwanjani ambapo wenyewe walipaita Kiwanja cha Maskini. Hawakuwa wamemsoma Marx. Waliona tu kwamba bandari ni mikono yao na kwamba mikono yao haina kodi ya nyumba. Serikali ya kikoloni iliunda jopo la Jaji Thacker, na wengi wakaongezewa ujira. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huo akafukuziwa Kabarnet, akawekwa huko karibu miaka kumi. Kabarnet ni ng'ambo ya bonde la Kerio kutoka hapa nilipo. Nimepita mji huo mara nyingi kwa matatu, na kila mara nafikiri jinsi mtu alivyotolewa baharini akaletwa mlimani kwa kosa la kuhesabu vizuri.

Sasa ule uchungu nilioahidi kuueleza. Kwetu nyumbani ukisema "ujamaa" mbele ya wazee, wako watakaonyamaza. Wana ndugu waliokimbia Unguja baada ya Januari 1964, waliopoteza shamba au nyumba, au walio na binti aliyelazimishwa kuolewa mwaka 1970. Bara ya Tanzania, operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kwa malori, wengine wakiacha mazao shambani. Kuna waliopata pia: eka tatu tatu za ardhi, shule, matibabu, na hao hawana budi kuhesabiwa. Lakini mnyororo langoni ni mnyororo, aufunge bepari au mwenyekiti wa mapinduzi, na aliyefungiwa hakuulizwa na yeyote kati yao. Kenya nayo ilijiita ya kisoshalisti kwenye karatasi. Waraka nambari 10 wa mwaka 1965 ulizungumzia usoshalisti wa Kiafrika kwa kurasa nyingi, wakati mashamba makubwa ya nyanda hizi za juu yalikuwa yakihamia mikononi mwa wakubwa wapya.

Mtu ambaye najifunza kwake zaidi katika jambo hili ni mwana wa Unguja, Abdulrahman Mohamed Babu. Alikuwa waziri baada ya mapinduzi, kisha akafungwa miaka sita na serikali ya ujamaa ile ile. Katika kitabu chake cha mwaka 1981 hakurudi kuusifu ubepari, ingawa sababu alikuwa nazo. Alisema uchumi wetu umegeuzwa uso kutazama nje, tunalima tusichokula na tunavaa tusichofuma, na kwamba kazi ya kwanza ni kuzalisha chakula, mavazi na makao ya watu wetu wenyewe.

Rivatex, nisisahau, ilifufuka. Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua mwaka 2007, ikapata mkopo wa karibu dola milioni 30 kutoka India kwa ajili ya mitambo mipya, na Rais Uhuru Kenyatta akaifungua upya Juni 2019. Nilifurahi kama mtu aliyezaliwa hapa. Lakini mitambo peke yake haipandi pamba. Na swali la nani anaamua ziada iende wapi halikuletwa na mkopo, wala sidhani aliyekopesha alitarajia liulizwe.

Juzi baridi ilirudi, nikalitoa jaketi langu sandukuni. Jirani aliniona nalo akaniomba alitazame. Aliligeuza ndani, akapitisha kidole gumba kwenye kitambaa polepole, jinsi anavyopima kamera. Karibu na kwapa alisimama. Palikuwa na fundo dogo ambalo mimi, kwa miaka yote hiyo, sikuwahi kuliona.

"Hapa uzi ulikatika," akasema. "Mwenye mtambo akausimamisha, akafunga, akawasha tena. Ukichelewa unakatwa. Huyu alifunga haraka." Akalitazama tena. "Zamu ya usiku huyu. Sijui wa nchi gani."

Akanirudishia jaketi, akaniambia nivae, baridi inaingia.